Mlango Uko kwa Nani? Kisa cha Mwenye Kikundi Aliyetayarisha Maigizo kwa Zaidi ya Miaka Thelathini

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mwanamke aliyeendesha kikundi cha ngoma, vichekesho na maigizo jijini Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wasanii wake wote, hata wale waliomzidi umri, walimwita Mama, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake, la kikundi, la kumbi, la kituo cha televisheni na la msambazaji wa filamu yameondolewa. Igizo moja ambalo limezua mgogoro nimeliita tu "igizo la mirathi". Mama mwenyewe alisomewa rasimu, akakata mistari miwili na kusahihisha bei ya bia.

Nilimfahamu kwenye mafunzo ya uendeshaji wa vikundi vya sanaa, enzi mifuko ya rambo haijapigwa marufuku. Wenzake walikuja na flashi na vipeperushi vya rangi. Yeye alikuja na rambo mbili zilizojaa madaftari ya shule. Kila onyesho alilowahi kutoa lina mstari wake humo: tarehe, ukumbi, mvua au jua, watu waliolipa, waliopita bure na kwa jina la nani, mapato ya getini, na matumizi hadi pesa ya chumvi. Sehemu kubwa ya uchambuzi huu nimeichota kwenye madaftari hayo, kwa sababu kumbukumbu za watu kuhusu miaka hiyo zina utamu mwingi kuliko ukweli.

Nitangulize jambo moja kuhusu cheo chake. Mjini leo ukisema "prodyuza", watu wanamfikiria kijana wa studio anayegonga biti. Mama hakujiita hivyo, wala hakujiita mtayarishaji. Kwenye sanaa ya jukwaani cheo kilikuwa "mwenye kikundi", na ndani yake mlikuwa na kazi nne: kutafuta fedha, kuajiri, kuongoza mazoezi, na kulea. Kazi ya tano, yaani kumiliki kile kilichotungwa, haikuwa na jina na hakuna aliyeifanya.

Usuli: kiwandani hadi baa

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vikundi vya utamaduni vilienea kwenye majeshi, viwanda na mashirika ya umma. Mama alitoka kijiji kimoja cha Pwani akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwezi haukuisha kabla hajachukuliwa na kikundi cha ngoma cha kiwandani. Mazoezi yalifanyika saa za kazi, mshahara ulikuwa wa kiwandani, na watazamaji walikuwa wageni wa serikali na wananchi kwenye sikukuu za taifa. Hakukuwa na kiingilio. Anasema kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kujiuliza kama watu wanalipenda onyesho, maana wangekuja tu.

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, mashirika yakaanza kubana matumizi, na ngoma ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Mama na wenzake kumi na mmoja waliomba wauziwe ngoma sita na marimba moja, wakakatwa kwenye mafao yao. Hivyo kikundi kikazaliwa kikiwa na deni.

Ukumbi ulikuwa tatizo. Jumba la maigizo lililokuwapo Oysterbay lilikuwa la michezo ya Kiingereza, na mtu wa Temeke au Manzese hakuwa na habari nalo. Njia ilikuwa imeshafunguliwa na vikundi vya kibiashara, kikundi cha Muungano kikiwa mbele yao tangu 1980: kuonyesha kwenye baa na kumbi za starehe. Mapatano yalikuwa maneno manne, na Mama anayataja mpaka leo kama mtu anayetaja shahada: vinywaji vyako, geti langu.

Onyesho lilichukua jioni nzima. Ngoma zilitangulia, zikafuata sarakasi, kichekesho, kisha igizo, na taarab ikafunga. Siku zilizunguka mitaa, Jumatano huku, Ijumaa kule, Jumapili kwingine, na kila mtaa ulijua siku yake. Mwaka 1992, nchi ilipoingia kwenye vyama vingi, CCM ilianzisha kikundi chake, Tanzania One Theatre, na ushindani wake na Muungano ukawa gumzo la mji, hasa kwenye mipasho ya taarab, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili. Mama hakuwa na pesa ya kumlipa mwimbaji wa kiwango hicho. Akaamua kuegemea igizo.

Naomba msomaji aangalie hapa jinsi igizo lilivyotengenezwa, kwa sababu mbele tutaliona linarudi na madai. Hapakuwa na mswada. Mama alisimulia kisa chini ya mwembe, akagawa sehemu, na waigizaji wakatafuta maneno yao. Usiku jukwaani neno lililochekesha likabaki, lililopoa likaachwa. Baada ya wiki sita igizo lilikuwa limekaa, na hakuna aliyeweza kusema sentensi gani ni ya nani. Mtazamaji aliyeguswa alipanda jukwaani kumtunza mwigizaji, na kwa kanuni ya kikundi nusu ya pesa hiyo ilikuwa ya mwigizaji na nusu iliingia mfuko wa misiba na magonjwa.

Televisheni inaingia Bara

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Vituo vipya vilihitaji kitu cha Kiswahili cha kujaza saa, na vikundi vya maigizo vilikuwa tayari vina waigizaji na visa ambavyo watazamaji wa baa walikuwa wameshavipima. Kituo kimoja kikamwita Mama: kikundi kicheze igizo la nusu saa kila wiki. Malipo hayakuwapo. Kituo kingetoa jina, na jina lingejaza kumbi.

Alikubali, na daftari linaonyesha kwamba kwa miezi ya mwanzo hesabu yake ilikuwa sahihi. Watu walimiminika getini kuziona sura walizoziona kwenye kioo. Kiingilio kikapanda mara mbili bila manung'uniko. Kosa halikuwa kukubali.

Kisha Ijumaa moja mwenye baa hakuzima televisheni ya kaunta onyesho lilipoanza. Mama alimfuata, naye akajibu kwa upole kwamba wateja wa kaunta wanaangalia igizo. Igizo lenyewe lilikuwa la Mama, lililorekodiwa wiki iliyotangulia. Watu walikuwa wamekaa upande wa kaunta ambako hakuna geti, wanakunywa na kumtazama mwigizaji yule yule ambaye hatua ishirini kutoka pale alikuwa anajipaka majivu usoni ajiandae kupanda jukwaani. Mstari wa usiku ule kwenye daftari una idadi ya chini kuliko yote ya mwaka, na pembeni ameandika: "TV ya kaunta."

Akaomba malipo kituoni. Akaambiwa kuna vikundi vinne vinasubiri nje. Akataka kujitoa, waigizaji wakakataa, maana sasa waliitwa kwa majina barabarani na makondakta hawakuwatoza nauli. Akaendelea kwa miezi minane zaidi dhidi ya hesabu zake mwenyewe, na alipojitoa hatimaye, waigizaji wake watatu bora walibaki kituoni na kuunda kikundi chao. Mama hakuwasalimia kwa miaka. Nilipomuuliza walikosa nini, alisema: "Waliondoka bila kuaga." Nilipomuuliza kama walikuwa na mkataba, alinitazama kama niliyeuliza kama watoto wake wa kuwazaa wana mkataba.

Miaka ya ujumbe

Sehemu hii naipita haraka, kwani vikundi vingi vya umri ule viliipitia kwa namna moja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali yalihitaji maigizo ya kuelimisha kuhusu UKIMWI, mimba za utotoni, baadaye rushwa na uchaguzi. Yalilipa kwa onyesho, kwa hundi, kwa wakati. Mama alipunguza siku za baa, kisha akaziacha kabisa. Alinunua pikapu na kiwanja.

Lakini angalia kilichotokea kwenye daftari. Safu ya "waliolipa" inaanza kuwa tupu. Mahali pake panaandikwa "waliohudhuria", na idadi inakuwa ya kukadiria: 300, 500, 1000, namba za mviringo ambazo ripoti za wafadhili hupenda. Mwanamke aliyejua kwamba jana walilipa watu 87 sasa hakujua kama watu walikaa au walikuwa wanapita kwenda sokoni. Kulikuwa na watu waliofanya sanaa shirikishi kwa ustadi mkubwa miaka hiyo, hasa waliopitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambao walikaa kijijini siku kadhaa na kuacha wanakijiji waseme na kucheza matatizo yao wenyewe. Mama hakuwa mmoja wao. Yeye alipewa ujumbe kwenye karatasi na akautafutia kichekesho. Mchekeshaji wake mkuu aliondoka akisema hawezi kuchekesha akiwa amebeba bango.

Miradi ilipohamia mambo mengine, kikundi kilikuwa na pikapu na hakikuwa na watazamaji.

Ukurasa mmoja wa Kariakoo

Filamu za Kiswahili za kwenye kanda, na baadaye diski, zilishika kasi baada ya 2003. Waigizaji wengi walitoka kwenye vikundi vya maigizo, na kwa muda ilionekana kama jukwaa limehamia sebuleni. Mwaka 2006 Mama akaamua kurekodi igizo la mirathi, lile lililojaza kumbi muongo mmoja kabla. Walipiga picha kwa siku tisa kwenye nyumba ya jirani, kamera ya kukodi, nguo za wenyewe.

Soko lilikuwa Kariakoo na lilikuwa na wanunuzi wachache. Utaratibu ulikuwa wa kuuza masta: unapeleka filamu iliyokamilika, unapewa fedha ya mkupuo, unasaini. Mama alisaini ukurasa mmoja wa Kiingereza. Fedha ile ililipa kamera na uhariri, ikampa kila mwigizaji posho, na iliyobaki ikaezeka nyumba yake.

Kwa nini hakukataa? Sababu zake zina uzito na sipendi zipuuzwe. Kwanza, angekataa apeleke wapi? Kuchapa nakala mwenyewe kulihitaji mtaji, na nakala bandia zilikuwa mtaani siku tatu baada ya filamu kutoka. Stempu za kodi kwenye diski zilikuja 2013 tu. Pili, uzoefu wake wote ulimwambia kwamba igizo ni kitu kinachoisha. Unalicheza hadi mtaa ulichoke, unatunga jingine. Kuuza igizo lililokwishachosha watu ilionekana kama kuuza viti vibovu. Tatu, waigizaji walikuwa wanadai, na mmoja alikuwa amelazwa hospitali ya Muhimbili.

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar mwishoni mwa 2012, ving'amuzi vikaingia majumbani, vikafuatiwa na chaneli zinazohitaji sinema za Kiswahili usiku na mchana. Igizo la mirathi likaanza kuonyeshwa huko. Baadaye likapandishwa YouTube, vipande vinne, na watazamaji wakawa wengi kuliko waliowahi kulipa getini kwa miaka yote ya kikundi. Mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha kwenye simu. Mama alitazama hadi mwisho, akasema sauti imekuwa mbaya.

Mwanasheria aliyetusaidia bila malipo alisoma ule ukurasa kwa dakika nne. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994 na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Haki ya mtunzi haitegemei usajili. Kwa hiyo Mama alikuwa na haki tangu siku ya mwembe, na alikuwa ameiuza. Ukurasa ulisema filamu inauzwa kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa baadaye. Mwaka 2006, kwa Mama, njia iliyopo ilikuwa diski.

Mwanasheria alionyesha jambo moja zaidi, ambalo mimi nililipita niliposoma. Karatasi ilitaja filamu. Haikutaja igizo la jukwaani. Kwa maoni yake, Mama bado angeweza kulicheza mbele ya watu.

Habari hiyo ilipita mdomo kwa mdomo, na baada ya wiki mbili akatokea mwigizaji wa zamani, yule aliyecheza mzee mlevi. Alikuja kwa heshima zote, akatoa shikamoo, akakaa, akanywa chai. Kisha akasema kwamba maneno ya mlevi, pamoja na ule mwisho ambao watazamaji waliujua kwa moyo na kuuitikia, ni yake. Kwamba alipewa posho ya siku tisa na hajawahi kudai. Lakini kama igizo linarudi, linarudi na yeye.

Na alikuwa na haki. Mama alilijua hilo kabla hajamaliza kikombe.

Maamuzi ya mwisho

Kati ya 2016 na 2021 kulikuwa na njia tatu mezani.

Mjukuu alitaka chaneli ya YouTube. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni kwa televisheni za mtandaoni, na gharama zake za mwaka wa kwanza zilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili. Mama hakuwa nazo. Lakini hata kabla ya leseni alikuwa na hoja ambayo vijana waliona ni uzee. Aliuliza: nani anahesabu watu getini? Mjukuu akamwambia kampuni ndiyo inahesabu na ndiyo inayopanga malipo. Akauliza kama anaweza kusimama mlangoni na kuangalia. Hakuuliza tena.

Msambazaji angeweza kushtakiwa. Mwanasheria alisema nafasi ya kushinda ni ndogo na ya kuchoka ni kubwa. Waliacha.

Njia ya tatu haikupangwa na mtu. Jirani aliyekuwa kwenye kamati ya kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi mtarajiwa, alimwomba Mama alete "kile kipande cha shangazi" kutoka igizo la mirathi, dakika ishirini, kabla ya somo, yaani mwanamke mfundaji, kuanza kumfunda mwali. Wanawake mia na hamsini waliovaa sare, waliochanga, waliokuja kukaa. Walicheka, wakatunza, wakaitikia ule mwisho. Wiki mbili baadaye zikaja kamati mbili nyingine.

Mama akaamua mambo matatu, na ninayaeleza kwa mpangilio alioyafanya. Alikata kikundi kutoka wasanii ishirini na sita hadi saba, wote wanawake, kwa sababu shughuli hizo haziingii wanaume. Hii ilikuwa ngumu kuliko kuuza pikapu, ambayo pia aliiuza ili kuwalipa walioondoka. Alidai nusu ya malipo kabla, na nusu ikabidhiwe na mweka hazina wa kamati kabla mwigizaji hajavaa. Na alimwita mzee mlevi pamoja na wengine watano waliokuwapo wakati igizo linatungwa, wakaandika karatasi kwa Kiswahili: kila igizo la mirathi linapochezwa, sehemu ya mapato inagawanywa kwa watu hao sita, awepo jukwaani au asiwepo, na kwa mrithi wake akifa.

Machi 2020 mikusanyiko ilisimama kwa sababu ya korona na daftari lina kurasa mbili tupu. Baadaye mwaka huo shughuli zilirudi.

Matokeo

Kwa mizani ya zamani, kikundi kimekufa. Hakina ngoma, ziliuzwa. Hakina sarakasi. Ukiacha ile filamu ya zamani, hakijaonekana kwenye televisheni tangu miaka ya 1990 na kijana wa mtaa wake hajui kama kipo.

Kwa mizani ya daftari, safu ya "waliolipa" imerudi, ingawa sasa inaandikwa jina la kamati badala ya idadi ya tiketi. Wasanii saba wanalipwa usiku ule ule. Uongozi amekabidhiwa mmoja wao, dada wa miaka thelathini na kitu aliyeanza kwa kushona mavazi. Watu wawili kati ya wale sita wamefariki, na watoto wao wanapokea.

Hasara ambazo hazikurekebishwa ni nyingi. Filamu bado inachezwa na Mama hapati kitu. Maigizo mengine kumi na manne ya miaka ya baa yamepotea, hayakuandikwa wala kurekodiwa. Vimebaki vichwa vya habari kwenye daftari, kama "Mama Mkwe wa Pili" na "Kesi ya Mbuzi", na Mama mwenyewe hakumbuki yaliishaje. Wale watatu walioondoka 1995, mmoja amerudiana naye msibani. Wawili hapana.

Uchambuzi

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kama cha teknolojia: televisheni iliua jukwaa, filamu ikaiua televisheni, simu ikaua filamu. Mama mwenyewe alikuwa akikieleza hivyo nilipomfahamu. Nimeacha kuamini maelezo hayo baada ya kusoma madaftari. Kila chombo kipya kilimletea watazamaji wengi zaidi, sio wachache. Kilichobadilika kila mara ni mahali mlango ulipo. Kwenye baa mlango ulikuwa wake. Kwenye televisheni mlango ulikuwa wa kituo na pesa ya mlangoni ilikuwa ya matangazo ya biashara, ambayo yeye hakuiona. Kwenye miradi mlango uliondolewa kabisa, na aliyelipa hakuwa anatazama. Kwenye filamu aliuza nyumba pamoja na mlango. Swali alilomuuliza mjukuu wake lilipaswa kuulizwa 1994, na asingelikosa, maana alikuwa nalo tangu siku ya "geti langu". Hakulitambua kwa sababu kituo hakikufanana na baa.

Kuna wenzangu wanaosema angeingia YouTube mapema, tuseme 2012, leo angekuwa tajiri. Sikubaliani. Waliofanikiwa huko kwa vichekesho vya Kiswahili walikuwa watu wawili watatu wenye simu na muda. Kikundi cha watu ishirini na sita chenye mfuko wa misiba hakiishi kwa mapato ya matangazo ya mtandaoni, na Mama asingekubali kukifanya cha watatu kabla maisha hayajamlazimisha. Makosa yake ya kweli yalikuwa ya karatasi na ya ulezi, na yameshikana kiasi kwamba ni vigumu kuyatenganisha.

Ulezi ndio uliokiweka kikundi hai. Mfuko wa misiba ulizika watu tisa. Mwigizaji aliyelazwa hakukosa uji. Kwa posho ile ndogo, hakuna mkataba ungewaweka watu kwa miaka kumi kama ule umama ulivyowaweka. Lakini mama hadaiwi na mtoto, na mtoto hadai. Kwa hiyo mwigizaji aliyeona thamani yake imepanda hakuwa na njia ya kusema "niongeze" isipokuwa kuondoka usiku, na Mama hakuwa na njia ya kusikia isipokuwa kama usaliti. Wale watatu wa 1995 wangeweza kubaki kwa makubaliano ya nusu ukurasa. Mzee mlevi alisubiri zaidi ya miaka ishirini kusema jambo ambalo lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza.

Umiliki wa igizo lisilo na mswada ni mgumu kweli, na wanaofundisha hakimiliki kwa mifano ya riwaya na nyimbo hawasaidii sana hapa. Nani ametunga? Aliyesimulia kisa, aliyeokota neno, au baa ya Jumatano iliyocheka hapa na kunyamaza pale? Karatasi ya watu sita haikujibu swali hilo. Ilichofanya ni kukubaliana mgawanyo huku swali likiwa wazi, na nadhani huo ndio ufundi wake. Ningewashauri wenye vikundi waandike karatasi ya namna hiyo wiki igizo linapokaa, wakati watu bado wanakumbuka nani alileta nini na bado hakuna fedha ya kugombania.

Daftari lilifanya kazi. Bila hilo mwanasheria asingekuwa na orodha ya waigizaji wa miaka ile, wala Mama asingejua kwamba miaka yake ya "umaarufu" ndiyo iliyokuwa ya mapato madogo kwa kila mtu aliyemtazama. Kilichokosekana daftarini ni maigizo yenyewe. Aliandika bei ya chumvi na hakuandika mwisho wa "Kesi ya Mbuzi". Nilipomgusia hilo alikasirika kidogo, kisha akasema mwisho ulikuwa unabadilika kila usiku, angeandika upi?

Kuhusu kicheni pati, sijui niite ushindi. Mlango ni wa kamati, lakini waliochangia ndio wanaokaa kutazama, na hilo halikuwapo tangu baa. Udhaifu wake ni simu. Mshereheshaji hutangaza kwamba igizo halirekodiwi, na daima kuna mkono mmoja juu mwisho wa ukumbi. Kipande cha sekunde arobaini cha shangazi kimeshazunguka WhatsApp mara nyingi, bila jina la mtu.

Daftari la sasa ni la kiongozi mpya, mwandiko wa kulala. Ameongeza safu moja ambayo Mama hakuwa nayo, yenye kichwa "neno jipya". Jumamosi ya mwisho niliyoisoma imeandikwa: kamati, malipo yamekamilika, mvua, mlevi ameongeza mstari kuhusu bando, wamecheka. Mbele yake kuna jina la aliyeuleta. Usiku huo huo mzee aliyemcheza mlevi wa kwanza, ambaye sasa yuko mkoani na miguu haimwezi, alitumiwa sehemu yake kwa simu. Alipiga kuuliza mstari wenyewe ni upi. Alipoambiwa, alisema yeye angeutoa kabla ya mlevi kukaa.